UWANJA WETU UNALIWA NA KORONGO

Chukua mpira uende nao uwanjani Msalato, saa kumi ya jioni, mwezi wa Septemba. Usivae viatu vya kuazima. Upepo unavuma, vumbi linapanda, na goli la upande wa juu linaonekana kama liko ndani ya moshi. Sasa anza kucheza.

Utajifunza upesi. Karibu na katikati ya uwanja upo mzizi uliotokeza juu ya ardhi. Mpira ukiugonga unaruka pembeni kama mbuzi aliyeona fisi. Wenyeji wanaujua mzizi huo, nao huupitishia mpira kwa makusudi. Mgeni haujui. Ndiyo maana timu za wageni hufungwa hapa, kisha zikifika kwao husema zimerogwa. Hazikurogwa. Hazikuijua ardhi tu.

Nenda upande wa goli la chini. Mkono wa kushoto hakuna kona. Kona imeliwa na korongo. Kwa hiyo vijana wamejitungia sheria zao. Kona ya upande ule hupigwa hatua kumi ndani ya uwanja. Mpira ukitumbukia korongoni ni wa kurusha. Mchezaji yeyote akipiga kelele "Korongo!" wote husimama, hata yule mwenye mpira miguuni na goli tupu mbele yake. Sheria hiyo haikuandikwa na chama cha mpira. Imetokana na vifundo vya miguu vilivyoteguka.

Akina dada wa netiboli wana taabu yao. Uwanja wao ni mdogo, urefu wake mita 30 na nusu tu, lakini umejaa mbigili. Mchezo wa netiboli ni wa kuruka na kutua. Atuaye juu ya mbigili hamalizi mchezo.

MBALI NASI NAKO NI HIVYO HIVYO

Usidhani ni Msalato peke yake wanaojitungia sheria za uwanja mbovu. Huko Marekani uko mchezo wa kurusha kisahani cha plastiki. Mchezaji husimama mahali palipowekwa alama. Hurusha kisahani kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Kisahani kikigonga minyororo huangukia kikapuni. Kisipofika, mchezaji hukifuata kilipoanguka, akarusha tena kutoka hapo. Anayemaliza vikapu vyote kwa mitupo michache ndiye mshindi. Mara nyingi vikapu huwa 18.

Uwanja wa kwanza wa kudumu wa mchezo huo uliwekwa mwaka 1975 na Bwana Ed Headrick, katika bustani ya Oak Grove, jimbo la California. Mwanzoni walilenga nguzo tu. Kikapu cha minyororo kilikuja baadaye, naye ndiye aliyekibuni.

Mchezo huu huchezwa katika bustani za watu wote, katikati ya miti, juu ya vilima na mabonde. Sasa sikiliza jambo linalotuhusu. Kila mchezaji husimama mahali pale pale kurusha, na wote huendea kikapu kile kile. Ardhi ya sehemu hizo hukanyagwa mpaka nyasi zikafa. Mvua ikinyesha, pale pa kurushia huwa shimo la matope. Chini ya kikapu udongo huondoka na mizizi ya miti hubaki uchi. Nao wana sheria zao. Kisahani kikinasa mtini, mchezaji hutia alama chini yake na kuendelea kutoka hapo. Katika bustani nyingi wachezaji wenyewe ndio huja na makoleo siku ya mapumziko, wakajaza mashimo na kutandaza vipande vya mbao juu ya njia. Nchi ni tajiri, lakini udongo uliokanyagwa hauulizi utajiri wa mtu.

Vijana wanaopenda wanaweza kuujaribu mchezo huo hapa kwetu. Mfuniko wa ndoo hupaa vizuri usiporushwa kinyume cha upepo mkali. Tenga kuukuu likitundikwa mtini ni kikapu. Hauhitaji ardhi tambarare, na watu wawili wanatosha.

UWANJA ULIHARIBIKA VIPI?

Turudi kwetu. Watu wengi husema uwanja umeharibiwa na mvua. Mimi ni bwana shamba, na nasema mvua ilikuja mwisho. Sisi tulitangulia.

Kwanza, tunapenda kukwangua. Kwetu uwanja safi ni uwanja mweupe, usio na jani hata moja. Kabla ya sikukuu watu huitwa na majembe, wakakwangua nyasi zote mpaka mzizini, kisha wakafagia. Wanaogopa nyoka, na hofu hiyo ina maana. Lakini nyoka huogopa pia nyasi fupi. Nyasi zikifyekwa zikabaki urefu wa vidole vitatu, nyoka hana pa kujificha, na udongo una cha kuushika.

Pili, ng'ombe. Njia ya kwenda kwenye maji hukata uwanja kutoka pembe hadi pembe. Kwato nyingi zikipita mstari mmoja kila siku, mstari huo huwa mfereji. Wafugaji wasikasirike. Ng'ombe hana kosa, na mfugaji lazima anyweshe. Njia ndiyo iliyowekwa mahali pabaya, na njia inaweza kuhamishwa ikapita nje ya uwanja.

Tatu, greda. Ziko sehemu ambako wananchi walichanga fedha, greda likaletwa wakati wa kiangazi, likaparua uwanja wote. Siku ile ulipendeza sana. Lakini greda liliondoa udongo wa juu wenye mizizi na mbegu, na mteremko ukabaki vile vile. Mvua ya kwanza ilikuta meza tupu. Kwa maoni yangu, fedha ya greda ingenunua majembe, sururu na makarai ya kutosha kijiji kizima, na chenji ingebaki.

Sasa hesabu maji nami. Uwanja wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60 una mita za mraba 6,000. Ikinyesha mvua ya milimita 30 kwa alasiri moja, uwanja huo peke yake hupokea lita 180,000. Hayo ni mapipa 900 ya lita 200. Hapo hatujahesabu maji yanayoteremka kutoka mashambani na njiani upande wa juu. Mvua yetu ya Dodoma ni kidogo, na kwa mwaka mzima mara nyingi haizidi milimita 600. Lakini huja kwa miezi michache, tangu Desemba hadi Aprili, na huja kwa kishindo. Ardhi iliyokanyagwa ikawa ngumu kama sakafu haiwezi kuyanywa maji hayo. Yote hukimbia.

KORONGO HUPANDA

Hapa naomba usome polepole. Maji huteremka, lakini korongo hupanda. Maji yakifika kwenye ukingo wa juu wa korongo huanguka kama kutoka darini. Yanapoanguka huchimba chini ya ukingo. Ukingo hubaki unaning'inia, halafu huporomoka. Mvua inayofuata hufanya kazi ile ile hatua moja juu zaidi. Ndivyo korongo lilivyotoka bondeni likafika kwenye kona yetu, na ndivyo litakavyofika golini.

Kwa sababu hiyo, kutupa taka korongoni hakusaidii kitu. Taka huchukuliwa na maji, na chupa zilizovunjika hubaki zikimngojea mtoto anayefuata mpira. Jeraha la namna hiyo lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, na mtoto apelekwe zahanati akaangaliwe kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Usitie udongo wala majivu.

Dawa ya korongo huanzia juu yake, mahali maji yanapotoka. Chimba mfereji upande wa juu wa uwanja, ili maji yageuzwe kabla hayajaingia. Huu ndio mfereji tunaouita kinga maji. Udongo unaochimbwa utupe upande wa chini, uwe tuta. Mashambani tunazo njia mbili: ukitupa udongo juu ya mfereji ni fanya juu, ukitupa chini ni fanya chini. Maneno hayo ya Kiswahili sasa husomwa hata katika vitabu vya kilimo vya Wazungu, kwa sababu njia ya fanya juu ilisifika kutokana na kazi ya wakulima wa Machakos, Kenya.

Mfereji usiuchimbe kwa kukisia kwa macho. Macho hudanganya katika mteremko. Tengeneza fremu A. Chukua miti miwili iliyonyooka, kila mmoja mita 2 na robo hivi. Ifunge pamoja juu, miguu yake iachane mita 2. Funga mti wa tatu katikati, ukiwa umelala, mpaka upate umbo la herufi A. Toka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha fremu, weka alama pale kamba inapogusa mti uliolala. Geuza fremu, mguu wa kulia ukae mahali pa wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kamba hukaa miguu yote ikiwa sawa. Tia hapo alama ya kudumu.

Mfereji wa kugeuza maji lazima uteremke, lakini kidogo sana. Funga kipande cha ubao chenye unene wa sentimeta 1 chini ya mguu mmoja. Mguu huo utangulie mbele, upande maji yanakotakiwa kwenda. Kamba ikisimama kwenye alama, piga kijiti kwenye kila mguu, usogee. Vijiti vitakuonyesha mstari wa kuchimba. Maji hayo yapeleke mahali penye nyasi nyingi, yatawanyike. Ukiyaelekeza shambani kwa jirani au barabarani, umemhamishia korongo mwenzako.

Maji yakishageuzwa, ndipo uingie korongoni. Panga mawe kukatiza korongo, ngazi baada ya ngazi. Katikati ya kila ngazi pawe chini kuliko pembeni, maji yapite katikati yasile kuta. Udongo utajaa wenyewe nyuma ya mawe. Kwenye kuta panda nyasi. Wengi hupenda kupanda minyaa kwa sababu haifi. Kwenye mpaka wa shamba sawa, lakini karibu na watoto wanaocheza hapana. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kulipofusha.

NYASI NA MBIGILI

Nyasi ya uwanja wetu ni ukoka. Hutambaa, huvumilia ukame, hukanyagwa na kuota tena. Haununuliwi. Upo kando ya visima na mito ya mchanga. Kata vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, uvifukie katika mistari mvua zikishashika, ukiacha sehemu ya juu nje.

Mbigili hung'olewa kwa mkono ikiwa na maua ya njano, kabla ya kuzaa. Ikishazaa, miba yake ndiyo mbegu, na mbegu hizo hukaa ardhini miaka kadhaa. Ukikwangua mbigili iliyokomaa umezipanda tu.

Jambo ambalo vijana hawatalipenda ni hili: nusu ya uwanja ifungwe msimu mmoja wa mvua, wachezee nusu nyingine. Nimeshasikia manung'uniko. Lakini wazee wa mkoa huu wanakumbuka jambo gumu kuliko hilo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limeraruliwa na makorongo. Watu waliumia, maana ng'ombe ni mali na ni maziwa ya watoto. Hata hivyo ardhi ilipopumzishwa, nyasi na miti vilirudi mahali palipokuwa mchanga mtupu. Sisi tunaombwa nusu ya uwanja.

KUNA MLAJI MWINGINE

Korongo silo peke yake linaloutaka uwanja. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya nchi yawe Dodoma. Tangu mwaka 2016 kuhamia kwa serikali kulishika kasi, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Msalato ndipo palipochaguliwa kujengwa uwanja wa ndege wa kimataifa. Ardhi iliyokuwa ya mtama na zabibu sasa hupimwa viwanja vya nyumba. Mahali pasipochezwa mpira, penye shimo na taka, mtu hupaita eneo wazi. Mwingine huja na kamba ya kupimia.

Kwa hiyo ulizeni mapema. Wa vijijini, katika mkutano mkuu wa kijiji ulizeni kama uwanja umeandikwa kuwa ardhi ya matumizi ya wote, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sisi wa Msalato tumo ndani ya jiji. Tumwulize mwenyekiti wa mtaa atuonyeshe uwanja wetu katika ramani ya mipango miji. Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na anayejua kusoma alisome kwa sauti.

Kabla ya mvua ya kwanza, fanya kazi moja ndogo hata kama wenzako hawajakubali kuchimba. Nenda kwenye ukingo wa juu wa korongo la uwanja wenu. Pima mita 1 kutoka ukingoni kuelekea golini, ukapige kigingi. Pima mita 2, kigingi cha pili. Pima mita 3, cha tatu. Kila baada ya mvua kubwa nenda ukavihesabu, ukiwa na kalamu na daftari, uandike tarehe na vigingi vilivyobaki. Daftari hilo lilete mkutanoni mwezi wa Mei.