Ugwadu na Uteuzi wa Divai Nyeupe ya Uhispania Wakati wa Kiangazi

Kiangazi nchini Uhispania huanza mwezi Juni na kuendelea hadi Septemba. Katika jiji la Sevilla joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na mnywaji anayeagiza divai nyeupe huwa anatarajia imburudishe. Hata hivyo, si kila divai nyeupe huburudisha. Zipo zilizo nzito, zenye kileo kingi na harufu ya mbao, ambazo humwongezea mtu uchovu. Makala haya yanafafanua kinachozitofautisha, na namna mnunuzi anavyoweza kukitambua kwenye lebo kabla ya kuifungua chupa.

Kiini cha suala hili ni ugwadu. Ifahamike kuwa ugwadu si uchachu. Uchachu ni wa kitu kilichochacha, kama maziwa au chakula kilicholala, ilhali ugwadu ni ule ukali wa asili wa tunda, kama wa ukwaju, unaoyachokoza mate kinywani. Zabibu changa huwa na ugwadu mwingi na sukari kidogo. Kadiri zinavyoiva ndivyo ugwadu unavyopungua na sukari inavyoongezeka, nayo sukari ndiyo inayogeuzwa na hamira kuwa kileo. Joto kali huharakisha mabadiliko hayo. Hivyo basi, swali la kwanza si bei wala umaarufu wa mtengenezaji, bali ni hili: zabibu hizo ziliivia wapi?

Jibu linaloridhisha zaidi hupatikana Galicia, kaskazini magharibi mwa nchi, katika eneo la Rías Baixas lililotambuliwa rasmi mwaka 1988. Huko bahari ya Atlantiki hupoza hewa na kuleta mvua nyingi. Mizabibu hutambazwa juu ya chanja zilizoegemezwa kwenye nguzo za mawe ya matale, ili upepo upite chini yake na kuiepusha na ukungu. Zabibu inayotawala ni Albariño, ambayo divai yake hunukia pichi na ganda la limau, tena huacha chumvichumvi ulimini. Kwa chaza na pweza, ni vigumu kuipata iliyo bora kuliko hiyo. Ng'ambo ya mto Miño ni Ureno, ambako zabibu iyo hiyo huitwa Alvarinho. Kireno ndicho kilichokipa Kiswahili neno mvinyo, kutokana na vinho. Nao Wagalicia husema viño. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeisoma lebo ya huko si mgeni kabisa.

Rueda iko bara, mbali na bahari, lakini imeinuka takribani mita 700 hadi 800. Jua la mchana huivisha zabibu, kisha baridi ya usiku huuhifadhi ugwadu. Wakulima wengi huvuna usiku ili zabibu zifike kiwandani zikiwa baridi. Zabibu ya hapo ni Verdejo, yenye harufu ya majani mabichi na shamari, na uchungu mdogo mwishoni. Anayetaka divai nyepesi zaidi na atafute Txakoli ya pwani ya Wabasque, yenye kileo cha takribani asilimia 11 na viputo vichache. Wenyeji huimimina kutoka juu, mkono ukiwa umeinuliwa.

Baada ya mahali, lebo ina mambo mengine mawili ya kuchunguzwa. La kwanza ni mwaka wa mavuno, unaotanguliwa aghalabu na neno cosecha au vendimia: kwa divai za namna hii, mwaka mmoja au miwili iliyopita unafaa zaidi. La pili ni maneno barrica na crianza, yanayoashiria kuwa divai ilikaa katika mapipa ya mwaloni. Divai nyeupe za Rioja za aina hiyo zina heshima yake, ila zinastahili mlo mzito wa jioni, si kivuli cha adhuhuri. Neno sobre lías lisimtishe mnunuzi. Maana yake ni kwamba divai iliachwa juu ya mashapo ya hamira, jambo linaloipa unono bila kuipokonya ugwadu wake.

Divai hizi hunywewa zikiwa na nyuzi 8 hadi 10 hivi. Zikipozwa kupita hapo, harufu hufifia. Chupa itumbukizwe kwenye ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji. Barafu tupu huigusa sehemu chache tu, ilhali maji huizunguka yote na kuipoza upesi.