Maji ya Isansa Huchemka Katika Nyuzi Ngapi?

Isansa ni kata mojawapo ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya kahawa na mahindi, yenye baridi ya kutosha kumfanya mgeni atokaye pwani atafute sweta mwezi wa Juni. Mwanafunzi wa sekondari wa huko akitumbukiza kipimajoto katika maji yanayochemka, zebaki hupanda upesi, kisha husita na kusimama karibu na nyuzi 95 za sentigredi. Maji yanatokota, mvuke unafuka, moto unaongezwa, lakini zebaki haisogei tena. Kitabu chake cha sayansi kinasema kwamba maji huchemka katika nyuzi 100.

Afanyeje? Aghalabu hutenda moja kati ya mambo mawili. Ama hukilaumu kipimajoto kuwa ni kibovu, ama huandika 100 katika daftari lake ili asikosane na kitabu wala na msahihishaji. Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, kwa maana limefuta jambo pekee la kweli lililopatikana darasani siku ile. Kipimajoto hakikukosea, wala kitabu hakikusema uongo. Kitabu kimenyamaza tu juu ya sharti moja, na sharti hilo ndilo kiini cha somo zima la hali za maada.

Maada ni kila kitu chenye masi na kinachochukua nafasi, nayo hujitokeza kwetu katika hali tatu zilizozoeleka: yabisi, kimiminika na gesi. Katika yabisi chembe zimeshikamana na hutikisika tu zikiwa mahali pamoja. Katika kimiminika zinagusana lakini zinapishana. Katika gesi zimetawanyika na kurandaranda kila upande. Mambo haya hukaririwa upesi, na pengine upesi mno, hata mwanafunzi akadhani kwamba uyabisi ni tabia ya kudumu ya jiwe, na umajimaji ni tabia ya kudumu ya maji. Sivyo. Hali ya kitu huamuliwa na jotoridi pamoja na kanieneo, yaani ukubwa wa msukumo unaokigandamiza kitu hicho kwa kila kipimo cha eneo. Jotoridi hutajwa katika kila darasa. Kanieneo husahauliwa, kwa kuwa hewa haionekani.

Hata hivyo hewa ina uzito. Mwitalia Evangelista Torricelli alilionyesha jambo hilo katika miaka ya 1640 kwa mrija wa kioo uliojazwa zebaki, akafananisha maisha ya binadamu na maisha katika sakafu ya bahari ya hewa. Pwani, kwa Dar es Salaam au Tanga, uzito wa hewa huweza kushikilia mhimili wa zebaki wenye kimo cha milimita 760 hivi. Katika nyanda za Mbozi, zilizoinuka mita 1500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, mhimili huo hushuka hadi milimita 635 hivi. Maana yake ni kwamba mkazi wa Isansa ameiacha chini yake karibu sehemu moja ya sita ya hewa yote ambayo mkazi wa pwani ameibeba mabegani.

Jambo hili lina uhusiano gani na sufuria ya maji? Chembe za maji hujaribu wakati wote kuponyoka na kuwa mvuke. Lakini ili maji yachemke hasa, viputo vya mvuke lazima viweze kukua ndani ya maji yenyewe, si juu tu. Kiputo hakiwezi kukua mpaka msukumo wa mvuke uliomo ndani yake ulingane na kanieneo ya hewa iliyo juu ya maji; ukiwa pungufu, hewa hukifinya kikatoweka. Pwani, mvuke hufikia nguvu hiyo katika nyuzi 100. Isansa hewa ni nyepesi zaidi, na mvuke wa nyuzi 95 unatosha kuishinda. Kwa kukadiria, kiwango cha kuchemka hupungua kwa uzi mmoja kwa kila mita 300 za kupanda. Juu ya kilele cha Kilimanjaro, katika mita 5895, maji hutokota yakiwa na nyuzi 80 tu na ushee.

Inafaa kukumbuka kwamba Msweden Anders Celsius, ambaye kipimo cha nyuzi mia moja kimepewa jina lake, alilifahamu jambo hili tangu mwaka 1742. Katika maelezo yake ya kipimo hicho alitamka wazi kwamba kuchemka kwa maji hufuata kanieneo ya hewa. (Jambo la kuchekesha ni kwamba yeye aliandika 0 penye kuchemka na 100 penye kuganda, waliomfuata ndio waliokigeuza.) Kwa hiyo nyuzi 100 ni kiwango cha maji yaliyo chini ya kanieneo ya kawaida ya usawa wa bahari, wala hazikupata kuwa sifa ya maji kila mahali.

Wasafiri wa karne ya 19 waliligeuza sharti hilo kuwa chombo cha kazi. Badala ya kubeba barometa ndefu za kioo zinazovunjika njiani, walichemsha maji, wakasoma kipimajoto, wakakokotoa kimo cha mahali walipo. Ndivyo John Hanning Speke alivyokadiria kimo cha maziwa yetu makuu mwaka 1858. Kwa Ziwa Victoria alikaribia sana ukweli. Kwa Ziwa Tanganyika alipungukiwa na mita 200 hivi, kosa ambalo, kwa hesabu iliyotajwa hapo juu, halihitaji hata uzi mmoja wa kipimajoto kukosewa. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi thamani ya kusoma chombo kwa uangalifu hana mfano bora kuliko huo.

Turudi jikoni, maana huko ndiko gharama ya nyuzi tano zilizopotea hulipwa. Maharage hayaivi kwa sababu maji yanatokota. Huiva kwa sababu ya joto la maji hayo. Madhali maji ya Isansa hayapiti nyuzi 95 katika sufuria ya kawaida, maharage yale yale hukawia kuiva kuliko pwani. Mpishi asiyejua sababu huongeza kuni. Lakini maji yakishaanza kuchemka, kuni zaidi haziyaongezei jotoridi hata kidogo. Huyageuza tu kuwa mvuke kwa haraka zaidi. Na kazi hiyo ni ghali: kugeuza kilo moja ya maji yachemkayo kuwa mvuke huhitaji karibu mara saba ya joto lililotumika kuyapandisha kutoka ubaridi wa asubuhi hadi kuchemka. Joto hilo, liitwalo joto fiche kwa kuwa kipimajoto hakilioni, huondoka na mvuke kupitia darini. Kuloweka maharage usiku kucha, kuifunika sufuria, na kupunguza moto mara maji yanapotokota, huokoa kuni bila kuchelewesha chakula. Chumvi haisaidii kama wengi wanavyodhani. Kijiko kimoja katika sufuria kubwa hakipandishi kiwango cha kuchemka hata kwa nusu ya uzi. Sufuria ya presha husaidia kwelikweli, kwa sababu huuzuia mvuke usitoke na hivyo kutengeneza ndani yake kanieneo iliyo kubwa kuliko hata ya pwani. Maji humo hukaribia nyuzi 120.

Wala mtu asihofu juu ya maji ya kunywa. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na maradhi mengine ya kuhara hufa kabla maji hayajafika nyuzi 95. Maji ya Isansa yaliyochemka sawasawa ni salama sawa na ya Dar es Salaam.

Maji hayahitaji kuchemka ili yawe gesi. Ushahidi wa hili umetandazwa juu ya vichanja vya kahawa msimu mzima wa mavuno. Kahawa ya Mbozi ni arabika. Baada ya kumenywa, kuvundikwa na kuoshwa, punje ikiwa bado ndani ya ganda lake jepesi huwa na maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Inapaswa kuanikwa mpaka maji yabaki kama sehemu 11 au 12 katika 100. Tuseme mkulima ameanika kilo 100 zenye maji sehemu 55 katika 100. Kitu kikavu ni kilo 45, nacho hakipotei. Maji yakifika sehemu 11 katika 100, uzito wote utakuwa kilo 50 na nusu hivi. Takriban kilo 49 za maji zimepaa angani pasipo moto, pasipo kiputo, katika hewa ambayo yamkini haikupita nyuzi 25. Huu ndio mvukizo: chembe zilizo juu na zenye mwendo wa kasi huponyoka moja moja, katika jotoridi lolote, na upepo mkavu huzifagia zisirudi.

Kahawa ikiachwa na maji mengi huota kuvu ghalani. Ikikaushwa kupita kiasi hupasuka kinuni na mkulima hupoteza uzito aliostahili kulipwa. Ndiyo maana vichanja hufunikwa usiku: hewa ikipoa, mvuke hurudi kuwa umande, na kazi ya mchana huanza upya.

Mpaka hapa hewa imekuwa mhusika mkuu. Katika kuyeyuka kwa yabisi, hata hivyo, hewa karibu haina la kusema. Barafu huyeyuka katika nyuzi 0 Isansa kama inavyoyeyuka Tanga. Tofauti ni ndogo mno kwa vipimajoto vya shule. Chuma safi huyeyuka katika nyuzi 1538 popote kilipo. Wanyiha wa Mbozi, waliokuwa mafundi wa chuma tangu zamani, walifua majembe kwa tanuri za udongo na makaa ya miti ambazo hazikufikia joto hilo. Waliwezaje? Katika joto la nyuzi 1200 hivi, uchafu wa mawe uliomo katika madini hugeuka kimiminika na kutiririka, ilhali chuma hubaki yabisi, donge lenye matundu mfano wa sifongo, tayari kwa nyundo. Ufundi wao ulisimama juu ya tofauti ya viwango viwili vya kuyeyuka. Katika wilaya hiyo hiyo, huko Ndolezi, kimelala kimondo mashuhuri cha Mbozi, kinachokadiriwa kuwa na tani 12 hadi 16, sehemu kubwa chuma pamoja na nikeli. Kiliposhuka kwa kasi kupitia hewa, ngozi yake iliyeyuka. Ndani kilibaki yabisi, kwa kuwa safari ilikuwa fupi na joto halikupata muda wa kupenya.

Kuhusu kuganda, wanafunzi wa Tanzania wana mfano wa mwenzao. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa maziwa wa kutengenezea aiskrimu, uliotiwa katika jokofu ukiwa moto, ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walimcheka. Osborne alirudi maabara akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wanasayansi wangali wanabishana kama jambo hilo hutokea daima, na kwa sababu gani.

Mwanafunzi wa Isansa ana bahati kumzidi Mpemba, kwa kuwa sababu ya nyuzi zake 95 inajulikana na anaweza kuithibitisha mwenyewe. Kwanza apate barafu kutoka jokofu la Mlowo au Vwawa, aisage, aiache ianze kuyeyuka, kisha atumbukize kipimajoto humo. Kikisoma 0, kimeondolewa shutuma ya ubovu katika upande huo wa kipimo. Kisha achemshe maji safi, akining'iniza kipimajoto kisiguse kitako cha sufuria, asome mara tatu, aandike alichokiona pamoja na tarehe na mahali. Kamsamba, katika bonde la Ziwa Rukwa, imo katika mkoa huo huo wa Songwe, lakini bonde hilo lina kimo cha mita 800 hivi tu. Huko zebaki inapaswa kusimama juu kidogo ya nyuzi 97. Shule mbili zikipelekeana vipimo vyao, wanafunzi wataweza kukokotoa ni mita ngapi zilizo kati yao, bila ramani.