Kingo za Mawe Katika Ardhi Kavu: Wajibu wa Fundi na Wajibu wa Mwenye Kazi



Mashamba yetu mengi ya mikarafuu yako kwenye udongo mnene na mvua ya kutosha, na huko hatuna haja ya kuhesabu kila kata ya maji. Lakini si wachache kati yetu waliojenga au waliorithi viwanja upande wa mashariki wa Unguja, katika ardhi ya maweni: Makunduchi, Jambiani, Paje na kwingineko. Huko udongo ni haba, umekaa katika vishimo vya mawe, na kumwagilia mti usiokingwa ni sawa na kutia maji katika pakacha.

Mwenye kiwanja huko akitaka kuotesha mindimu, mikomamanga au mboga za jikoni, yampasa avizungushie vitalu vyake kingo za mawe. Ukingo una kazi tatu. Huzuia udongo usichukuliwe na mvua ya ghafla. Huyakusanya maji mpaka yazame. Tena huyashika majani makavu na makumbi tunayotandika ili jua lisiunyonye udongo. Hebu tupige hesabu. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya kitalu cha mita 2 kwa mita 5 huleta lita 100, yaani madebe 5 ya lita 20. Penye ukingo mzuri madebe hayo ni yako. Pasipo ukingo ni ya njia na mitaro.

Kazi hii yaonekana nyepesi, na kwa hiyo wengi huidharau. Sisi pia tuliidharau, na twapenda kuwasimulia yaliyotupata ili mwenzetu asirudie.

Kiangazi cha mwaka 2023, baada ya kuuza karafuu zetu, tulimwita mwashi kijana atujengee kingo katika kiwanja chetu cha maweni. Tulipatana kwa maneno tu, juu ya kikombe cha kahawa. Tukamwagiza ainue vitalu juu, kama tulivyozoea kufanya kwenye mashamba yetu ya mvua. Siku ya pili alitujia akasema: “Mabwana, maji hayatoshi. Mawe haya yanakunywa sana, na saruji ikikosa maji haitashika. Nipatieni mapipa mawili kila siku, au tungoje masika.” Tukaona anatafuta njia ya kurefusha kazi apate kuongeza ujira. Tukamwambia amalize upesi.

Alimaliza. Kingo zilipendeza machoni, zimenyooka kama safu za mikarafuu. Masika ilipoingia, mvua ya tatu ilibomoa pembe moja, na kutoka hapo maji yakachukua udongo tulioununua kwa gari. Miche 14 ya mindimu ilibaki 5. Tulipokwangua saruji kwa ukucha ilitoka unga. Hasira zikatupanda. Tukamnyima kijana yule sehemu ya ujira iliyobaki, na barazani tukasema mbele za watu kwamba yule si fundi.

Kisha tukamwita mwashi mzee, mzoefu wa kazi za maweni, atutengenezee. Aliinama, akakwangua, akauliza swali moja: “Nani aliyekuwa akiimwagia maji kazi hii?” Tukanyamaza. Mzee akasema, “Basi msimtafute mwenye kosa mbali.”

Alitueleza jambo ambalo kila mwenye kuajiri mwashi yafaa alijue. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka, kama udongo wa mfinyanzi. Huwa ngumu kwa kushikana na maji. Yakitoka kabla ya wakati, kwa jua, kwa upepo au kwa kunywewa na jiwe kavu, kazi husimama nusu na kilichobaki ni unga. Kwa hiyo jiwe la matumbawe hurowekwa kabla ya kujengewa, na kazi iliyokwisha hufunikwa kwa magunia mabichi na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa muda wa siku 7 kwa uchache. Tena akatuonyesha kosa letu la pili: katika nchi ya mvua nyingi kitalu huinuliwa ili maji yatoke, lakini katika nchi kavu hushushwa chini ya ukingo ili maji yakae.

Baadaye akatupeleka tukaone kuta za mawe zilizozunguka mashamba ya jirani, zilizojengwa kuwazuia nguruwe mwitu. Hazina saruji wala chokaa, jiwe limekaa juu ya jiwe. Akasema ukingo mfupi wa bustani waweza kujengwa vivyo hivyo. Jiwe kubwa huzikwa theluthi yake, madogo hugongomewa katikati, na saruji hutiwa kwenye pembe tu. Gharama hupungua, na maji yasiyo na pa kwenda hujipenyeza polepole pasipo kubomoa.

Basi haya ndiyo tunayowausia wenzetu.

Kwanza, kabla ya kumwajiri fundi nenda ukaitazame kazi yake iliyokwisha kupigwa na masika moja. Kazi mpya hupendeza zote.

Pili, andikeni mapatano: urefu na kimo cha ukingo, ujira ni kwa siku au kwa kazi nzima, nani ataleta mawe, mchanga na maji, na kazi itakwisha lini. Toa arbuni, lipa sehemu nyingine kazi ikifika nusu, na umalizie siku 7 za kumwagilia zikitimia.

Tatu, mchanga usiwe wa pwani, kwani chumvi yake huudhi mimea na kuiharibu kazi. Wala mawe yasing'olewe baharini, maana huko ndiko samaki wanakozalia. Na mbao hazifai kuwa kingo, kwa sababu mchwa hawakawii kuzila.

Nne, fundi apige kamba na pima maji kabla ya kuzika jiwe la kwanza. Ukingo ukate mteremko kwa usawa, na uachwe mlango mdogo wa kutokea maji yakizidi. Kwa mti mkubwa, ukingo uzunguke mwisho wa kivuli chake. Usiukumbatie shina, wala mizizi mikubwa isikatwe.

Tano, kazi ya mawe makavu yaweza kufanywa kiangazi, iwe tayari kuipokea masika. Kazi ya saruji ingoje wakati maji yanapopatikana kwa wingi.

Sita, na hili ndilo lililotugharimu zaidi: fundi akikuambia jambo la kazi yake, msikilize. Unanunua mikono yake, na ujuzi wake pia.

Tulikwenda kwa yule kijana, tukamtaka radhi na tukamlipa haki yake yote. Kwa kuwa tulimchafulia jina barazani, tulirudi baraza ile ile kumsafisha. Haikuwa rahisi, neno baya lilikuwa limekwisha kufika vijiji viwili, na kazi mbili zilikuwa zimemkosa. Alikubali kufanya kazi pamoja na mzee, na kingo za sasa ni za mikono yao wawili. Zimepigwa na masika na vuli, hazijatikisika, na mindimu mitano iliyosalia imeanza kutoa maua.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Udongo uliochukuliwa na mvua tumeuleta tena kwa gari. Jina la mtu halina gari la kulirudisha.