Mkate na Ini

Katika miji ya shaba ya Lualaba, kuanzia Kolwezi hadi Fungurume, tabibu aonapo katika karatasi ya maabara kwamba vimeng'enya vya ini vimepanda, fikira zake huenda kwanza, na kwa haki, kwenye homa ya ini ya virusi, kwenye kichocho, kwenye pombe ya lutuku inayopikwa mitaani, na kwenye dawa alizokunywa mgonjwa, za hospitali na za mitishamba. Aghalabu sababu hupatikana humo. Lakini wako ambao hayo yote yamepimwa yasionekane, na vimeng'enya vikabaki juu mwezi baada ya mwezi. Hao ndio ninaowaombea kipimo kimoja zaidi cha damu kabla ya kuchomwa sindano ya kutoa kipande cha ini.

Maradhi yanayotafutwa huitwa siliaki. Kwa mwenye kurithi maumbile yanayoyaruhusu, gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri, huuchochea mwili kuushambulia utumbo wake mwembamba. Na kwa kuwa damu itokayo utumboni hupita kwanza katika ini, yadhaniwa kwamba yapenyayo katika ukuta uliodhoofika ndiyo huliudhi, hata kwa mtu asiyeharisha wala kukonda. Kwamba ngano ndiyo asili ya shari hii alilithibitisha tabibu Mholanzi Willem Dicke, aliyeona watoto wagonjwa wakipata nafuu katika njaa ya Uholanzi ya 1944–45, mkate ulipoadimika, na wakirudi kuugua ulipopatikana. Baadaye, mwaka 1998, matabibu wa Italia walipowapima watu ambao vimeng'enya vyao vilipanda bila sababu, takriban tisa katika kila mia walikuwa na siliaki.

Nchi za Kibantu hazina ushahidi mwingi wa maradhi haya, wala sidai kwamba Kolwezi itaona idadi kama ile ya Italia. Hata hivyo, miongoni mwa watoto wa Sahara Magharibi yalionekana kwa zaidi ya watano katika kila mia, basi Uafrika pekee si kinga.

Kipimo hutafuta kingamwili za aina ya A dhidi ya transiglutaminezi, kimeng'enya cha tishu. Na maabara ipime pia jumla ya kingamwili zote za aina ya A, kwani aliyepungukiwa nazo atapewa jawabu la salama lisilo kweli. Hapa pana tahadhari kubwa kwetu: mtu ashindaye kwa ugali wa bukari na mboga ya sombe, akigusa ngano mara chache, damu yake yaweza kunyamaza. Kwa hiyo aulizwe juu ya mkate wa asubuhi, maandazi, tambi na bia ya shayiri, wala asiviache kabla ya kupimwa. Kingamwili zikionekana, utumbo huchunguzwa kwa kamera na kipande chake kutazamwa kwa hadubini.

Akithibitika kuugua, ngano na shayiri huondolewa maisha yote, ilhali mahindi, muhogo, mchele na mtama hubaki halali kwake, mradi unga wake usisagwe katika kinu kinachosaga ngano. Kwa walio wengi vimeng'enya hurudi mahali pake ndani ya mwaka. Visiporudi, tabibu atafute sababu nyingine.