Homa ya ini C yapona kwa vidonge, kikwazo ni kutopima

MTU anaweza kuishi na virusi vya homa ya ini aina ya C kwa miaka 20 au zaidi bila kujua, huku ini lake likiharibika polepole hadi kupata makovu au saratani.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa sindano za intaferoni pamoja na vidonge vya ribavirini, kwa miezi sita hadi mwaka mzima. Wengi walipata homa, upungufu wa damu na sonona, na wengi hawakupona.

Hali ilibadilika Desemba 2013, Marekani ilipoidhinisha sofosbuviri. Virusi huzaliana ndani ya ini kwa kunakili vinasaba vyake. Dawa hii hujipenyeza katika nakala hiyo kama kiungo bandia, na kazi hukatika hapo. Ikitumiwa na dawa nyingine kama daklatasviri, kwa kawaida kwa wiki 12, zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa hupona.

Tofauti na virusi vya Ukimwi, ambavyo hujificha katika vinasaba vya mwili na kumlazimu mgonjwa kumeza dawa maisha yake yote, virusi hivi havina maficho hayo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa bei. Nchini Marekani tiba hiyo iliuzwa dola 84,000, yaani dola 1,000 kwa kila kidonge.

Misri, ambako maambukizi yalienea kupitia sindano za kutibu kichocho zilizotumiwa zaidi ya mara moja, mwaka 2014 ilikubaliana na watengenezaji bei ya takriban dola 900. Baadaye ilitengeneza dawa hizo yenyewe, na kati ya 2018 na 2019 ikapima karibu watu milioni 50.

Funzo ni kwamba dawa haimfikii asiyepimwa. Kipimo cha kwanza huonyesha kingamwili, ambazo hubaki hata kwa aliyepona. Cha pili ndicho huthibitisha kama virusi bado vimo.

Ugonjwa huu hauna chanjo, na aliyepona anaweza kuambukizwa tena. Aliyewahi kuongezewa damu isiyopimwa, au kuchomwa sindano iliyotumiwa na mwingine, hana sababu ya kusubiri dalili. Zikijitokeza, mara nyingi ini huwa limeshaumia.