Mgahawa mpya Kiberege: Faida iko stoo

Mfanyabiashara anayetaka kufungua mgahawa Kiberege, kwenye barabara ya Kidatu hadi Ifakara, ana swali la kujibu kabla ya kununua sufuria: atauza wali au tambi?

Tambi zina mvuto wa ugeni. Japani, nchi ya wala wali, rameni (tambi za ngano katika mchuzi) ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, ngano ya Marekani ilipoingia kwa wingi. Lakini Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Kwa hiyo bei ya bakuli la tambi hufuata dola na gharama za bandarini.

Wali una hesabu nyingine. Mpunga uko mashambani jirani. Gunia la kilo 100 likikobolewa hutoa mchele kilo 60 hadi 65. Bei hushuka wakati wa mavuno, kuanzia Mei, kisha hupanda kuelekea masika.

Hapo ndipo mtaji mdogo hukwama. Anayenunua mchele kwa kilo kila asubuhi, ifikapo Februari atapandisha bei ya sahani au atapunguza kipimo, na wateja watahamia kwa jirani. Aliyenunua mpunga Juni, akaukausha, akauweka stoo na kukoboa kidogo kidogo, anaweza kushikilia bei ile ile.

Tambi zinaweza kuongezwa baadaye. Fedha za kwanza ziende kwenye mpunga.