MATUMIZI YA LUGHA: Kitenzi 'borrow' na mipaka ya kukopa na kuazima

Watumizi wengi wa Kiswahili nchini Kenya hujifunza lugha hii sambamba na Kiingereza, na aghalabu hudhani kwamba kila neno la Kiingereza lina pacha wake mmoja katika Kiswahili. Kitenzi 'borrow' ni miongoni mwa vitenzi vinavyodhihirisha kuwa dhana hiyo ni potovu.

Mwingereza hukitumia kitenzi hicho kimoja kwa kalamu, kwa fedha, kwa kitabu cha maktaba na hata kwa unga wa jirani. Chimbuko lake ni neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha dhamana, yaani ahadi ya kumhakikishia mwenye mali kwamba mali yake itarudi. Jambo ambalo Kiingereza hulizingatia ni mwelekeo: anayepokea hutumia 'borrow' ilhali anayetoa hutumia 'lend'. Wamarekani hutumia pia 'loan' kama kitenzi kwa maana hiyo ya pili.

Kiswahili nacho huuliza swali tofauti: kitakachorudishwa ni kipi?

Iwapo kitu kitakachorudishwa ni kile kile kilichochukuliwa, kitenzi mwafaka ni kuazima. Iwapo kilichochukuliwa kitatumika na kwisha, na kitakacholipwa ni thamani yake au mfano wake, kitenzi mwafaka ni kukopa. Tazama mifano ifuatayo:

(a) Mwanafunzi ameazima kamusi kwa mwenzake.

(b) Mkulima amekopa shilingi elfu kumi benki.

(c) Mama amekopa kilo mbili za sukari dukani.

Katika sentensi (a), kamusi ile ile hurejeshwa. Katika (b), hakuna benki inayotarajia kurudishiwa noti zile zile. Katika (c), sukari itakorogwa chaini, hivyo mwenye duka atalipwa fedha. Kwa msingi huo, kusema 'nimekopa kalamu yako' ni kosa, kwa kuwa anayesema hivyo hana nia ya kuinunua. Hata hivyo, majirani huambiana 'niazime chumvi kidogo' japo chumvi hiyo hairudi. Hapo kuazima hutumika kwa ajili ya adabu, ili ombi lisiwe na uzito wa deni.

Kuhusu mwelekeo, kukopa hubadilika umbo. Anayepokea hukopa, naye anayetoa hukopesha. Kuazima, kwa upande wake, huweza kutumika kwa pande zote mbili. 'Nimeazima baiskeli kwa Juma' humaanisha kwamba baiskeli ni ya Juma, lakini 'nimemwazima Juma baiskeli' humaanisha kwamba Juma ndiye aliyepewa. Kiambishi cha mtendwa ndicho kinachoondoa utata. Wapo pia wanaotumia kuazimisha kwa maana ya kutoa.

Umbo jingine linalohitaji uangalifu ni kuazimia. Hili humaanisha kukusudia kwa dhati, na ndilo lililozaa nomino azimio, kama lilivyo jina la Azimio la Arusha la mwaka wa 1967. Mtu huweza kuazimia kutokopa tena, lakini hawezi 'kuazimia' panga la jirani pasipo kuwachekesha wasikilizaji.

Suala hili si la watahiniwa pekee. Katika mazungumzo ya kila siku, wengi hukwepa vitenzi vyote viwili na kusema 'nisaidie elfu moja' au 'nipige jeki hadi mwisho wa mwezi'. Kauli ya kwanza haibainishi iwapo fedha hizo ni zawadi au mkopo. Aliyetoa huhesabu siku, ilhali aliyepokea ameshashukuru na kusahau. Urafiki mwingi umevunjika katika pengo hilo la maana. Neno 'nikopeshe' huenda likawa gumu kutamka, lakini huwalinda wote wawili: humjulisha mmoja kwamba anadai na mwingine kwamba anadaiwa.

Hata majina ya baadhi ya mikopo ya simu nchini Kenya hayataji kukopa. M-Shwari, iliyoanzishwa mwaka wa 2012, hukumbusha utulivu wa bahari. Fuliza, iliyozinduliwa mwaka wa 2019, ni kitenzi chenye maana ya kuendelea bila kusita. Okoa Jahazi, huduma ya kupata muda wa maongezi kabla ya kuulipia, humpa mteja taswira ya chombo kinachonusuriwa. Majina hayo ni Kiswahili fasaha, lakini kila penye malipo ya baadaye pana deni, liitwe jina lolote lile. Wahenga hawakulificha jambo hilo waliponena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga.

Ukopaji mmoja tu hauna matanga, nao ni wa maneno. Wanaisimu husema kwamba Kiswahili kilikopa kitabu kutoka kwa Kiarabu, meza kutoka kwa Kireno, shule kutoka kwa Kijerumani na baiskeli kutoka kwa Kiingereza. Maneno hayo hayakurudishwa wala hayakulipiwa, na lugha zilizoyatoa hazikupungukiwa na chochote. Kwa binadamu mambo ni tofauti: kilichoazimwa hurudishwa, kilichokopwa hulipwa, na anayetaka kudumisha ujirani hutaja mapema ni kipi kati ya hivyo viwili anachoomba.